Maji Yako Yanaenda Wapi? Njia Ndogo za Nyumbani za Kulinda Moto, Maji na Udongo

 

Mwezi huu ukurasa wa familia unazungumza juu ya mazingira. Tunajua wengine wakisikia neno hilo wanageuza ukurasa haraka. Wanasema, "Hayo ni mambo ya mikutano, sisi tunatafuta chakula." Hatuwalaumu. Lakini tujiulize kidogo: mazingira ni nini kwa mtu anayeishi kambini? Ni makala ya kuivisha maharagi. Ni bidoni ya maji inayobebwa na mtoto kutoka kwenye bomba. Ni udongo ulioshika nyumba isianguke. Hayo si mambo ya mikutano, ni mambo ya leo jioni.

TULIYOYAONA KACYIRU

Wengi wetu tukienda Kigali kufuata karatasi tunapita Kacyiru. Ni sekta ya wilaya ya Gasabo, na wizara nyingi za Rwanda ziko pale. Mtu anashuka kwenye basi, anaona barabara imefagiwa, majani yamekatwa, hakuna hata mfuko mmoja wa plastiki unaopeperuka. Anasema, "Hawa wana pesa, bwana."

Pesa zipo, ni kweli. Lakini hivi karibuni walimu watatu tulikaa siku nne huko Kacyiru kwa ajili ya mafunzo, tukalala kwa wakimbizi wenzetu waliopanga vyumba kwenye mteremko, chini ya yale majengo makubwa. Huko nyumba zimebanana kama za kwetu. Njia ni za udongo, na bomba siku nyingine linakauka. Lakini usafi upo. Tukaangalia wanafanyaje, tukaandika kwenye daftari.

Jambo la kwanza ni sheria. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vitu vya plastiki vinavyotumiwa mara moja na kutupwa. Jambo la pili ni umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ambayo sisi sote tunaijua.

Jambo la tatu ndilo lililotushangaza. Pale mtelemkoni kila nyumba inajua maji yake ya mvua yanaenda wapi. Sababu ni rahisi. Aliye juu akiyaachia tu, aliye chini yake analala na matope. Kwa hiyo majirani wanaulizana, wanasaidiana kuchimba mfereji, na mfereji ukiziba wanagombana kidogo halafu wanauzibua. Hapo hakuna mradi wala mfadhili. Ni ujirani tu.

GIHEMBE INATUFUNDISHA NINI

Kwa nini tunaanza na maji ya mvua? Sababu ndugu zetu wa Gihembe wamelipa gharama ya somo hili.

Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997 huko Gicumbi, kaskazini ya Rwanda, kwa wakimbizi waliotoka Kongo. Ilikuwa juu ya milima mikali, nyumba zimesongamana, na miti imebaki michache. Mvua ikinyesha, maji yalikimbia kutoka kwenye mapaa na vijia, yakakutana, yakachimba. Mfereji mdogo ukawa mtaro, mtaro ukawa korongo. Makorongo yalisogea mpaka karibu na nyumba za watu, na kuishi pale kukawa hatari. Mwaka 2021 kambi ilifungwa, na maelfu ya watu wakahamishiwa Mahama, wilaya ya Kirehe, upande wa mashariki.

Tufikirie hilo vizuri. Watu walikimbia vita, wakajenga, wakazaa, wakasomesha watoto, wakazika wazee wao pale kwa zaidi ya miaka 20. Halafu wakafunga mizigo mara ya pili, na safari hii waliondolewa na udongo.

Hatusemi kosa ni la familia za Gihembe. Mlima ule ulikuwa mkali na watu walikuwa wengi, na makorongo makubwa namna ile hayazibwi na jembe la mtu mmoja. Tunachosema ni kwamba korongo halianzi kubwa. Linaanza na njia ya maji yenye upana wa kiganja, nyuma ya nyumba ya mtu, na wakati huo jembe la mtu mmoja linatosha.

Na mvua zetu si za kuchezea. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko magharibi na kaskazini ya nchi, na watu zaidi ya 130 walikufa.

1. MAJI YA PAA

Hapa walimu wa hesabu tumefurahi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Sasa chukua nyumba yenye paa la mita 12 za mraba. Ikinyesha mvua nzuri ya milimita 10, paa lako peke yake limemwaga lita 120. Hizo ni bidoni 6 za lita 20! Zidisha kwa nyumba zote za mstari wenu, utaelewa ni nani anayechimba korongo.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, yakamateni. Weka beseni, ndoo na bidoni zilizokatwa juu chini ya ukingo wa bati. Ukipata bati la zamani lililokunjwa, linaweza kuwa mfereji wa kupeleka maji kwenye pipa. Maji ya dakika za kwanza yana vumbi na mavi ya ndege, yaache yapite. Yanayofuata ni mazuri kwa kufua, kuosha sakafu na kumwagilia. Ya kunywa endelea kuchota kwenye bomba. Pipa lifunikwe, sababu mbu wanazaa kwenye maji yaliyotulia, na mtoto mdogo anaweza kutumbukia.

Pili, pale maji yanapoanguka chini panga mawe madogo. Tone likigonga jiwe halichimbi udongo.

Tatu, pandeni majani. Kwenye kingo za mfereji na mahali penye mteremko panda mabingobingo (urubingo), au majani yoyote yenye mizizi mingi. Mizizi inashika udongo kama kamba. Na ukiyakata, jirani mwenye sungura au mbuzi atakushukuru.

Nne, usitupe takataka kwenye mfereji. Mfereji ukiziba, maji yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kupita mlangoni kwako.

2. MOTO WA JIKONI

Mama mmoja alituambia, "Mwalimu, chakula si tatizo kubwa kama moto wa kukipikia." Tunamwelewa. Pesa kidogo zinazoingia nyumbani, sehemu yake inageuka moshi.

Tena moto wetu una historia. Wengi wetu asili yetu ni Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Tunakumbuka, au wazazi wametuambia, makala ya Goma yalitoka wapi. Mengi yalitoka katika Hifadhi ya Virunga. Kati ya mwaka 1994 na 1996, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliishi kwenye kambi za kuzunguka Goma, wakakata msitu ili wapike. Mwaka 1994 UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya mali za dunia zilizo hatarini. Watu wale walikuwa na njaa, na msitu ulikuwa karibu.

Makala ni ghali kwa msitu kuliko tunavyodhani. Kwa njia ya kienyeji ya kufukia na kuchoma, kilo moja ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Kwa hiyo anayeokoa gunia moja hajaokoa gunia tu, ameokoa miti kadhaa.

Kuna kambi zilizowahi kupata msaada wa gesi, na kuna zilizopata majiko mapya. Kigeme, kwa mfano, kampuni ya Inyenyeri ilileta majiko yanayotumia vipande vya mbao vilivyokandamizwa. Mwaka 2020 kampuni ikafunga. Hivyo ndivyo miradi ilivyo, inakuja na inaondoka. Ujuzi ulioko mikononi mwa mama na mtoto hauondoki. Huu hapa:

Funika sufuria. Sufuria isiyo na kifuniko inapasha hewa moto badala ya chakula. Kama kifuniko kimepotea, tumia sahani au sufuria nyingine.

Loweka maharagi. Yalale kwenye maji usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo kwenye bustani, weka mapya. Yataiva mapema sana.

Kausha na pasua kuni. Kuni mbichi inatoa moshi kwanza, moto baadaye. Ipasue vipande vyembamba, ipange chini ya paa.

Kinga moto na upepo. Mafiga matatu yaliyo wazi yanapoteza joto pande zote. Ndiyo maana Wanyarwanda wana jiko la udongo linaloitwa rondereza, na neno lenyewe maana yake ni kutumia kwa kubana. Udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani makavu unatosha kuzungushia mafiga yako.

Zima moto kazi ikiisha. Makala yaliyobaki yatie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, au yafukie kwa majivu. Kesho utayatumia tena.

Usiwashie mbabula kwa plastiki wala kipande cha kandambili. Tunaona watu wengi wanafanya hivyo. Ule moshi mweusi ni sumu, na anayeuvuta zaidi ni mtoto aliyetumwa kupepea. Tumia vigunzi vya mahindi vilivyokauka au vijiti vyembamba.

Pikia nje, au mlango na dirisha viwe wazi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majikoni uliua watu wapatao milioni 3.2 kwa mwaka mmoja tu wa 2020, na kati yao watoto wadogo ni wengi. Na hili tunaliomba kwa herufi kubwa: USILALE NA MBABULA NDANI, hata kama kuna baridi. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu analala, haamki.

Faida nyingine haipimwi kwa pesa. Kuni zikitosha, wasichana wetu hawaendi mbali porini ambako hatari zinawangoja, na hatukosani na wenyeji kwa sababu ya miti yao.

3. KAPU LA JOTO

Hili tumelipa sehemu yake kwa sababu ndilo lililotupendeza zaidi pale Kacyiru. Mama mwenye nyumba alikuwa anakwenda kazini asubuhi, na maharagi yake yanaiva bila moto, bila mtu wa kuyaangalia. Tulidhani anatania. Akafungua kapu, mvuke ukatoka.

Unahitaji kapu kubwa au boksi la karatasi ngumu, nguo kuukuu au blanketi lililochanika, na majani makavu ya mgomba. Panga majani na nguo chini na pembeni mpaka libaki shimo la kuingia sufuria. Tengeneza na mto wa kufunika juu.

Halafu fanya hivi. Chukua maharagi yaliyolowekwa, yachemshe kwenye maji mapya kwa moto mkali nusu saa nzima. Usipunguze hapo, sababu maharagi, hasa mekundu, yasipochemka vizuri yanatapisha na kuharisha. Sufuria ikiwa bado inatokota, na kifuniko chake kimekaa, iingize kwenye kapu, funika kwa mto, usifungue tena. Acha saa 4 au 5. Ukifungua, rudisha motoni yachemke tena dakika chache, tia kitunguu na chumvi, mle. Chakula kisilale vuguvugu kwenye kapu usiku kucha, kinaweza kuharibika.

Mchele ni rahisi zaidi. Uchemshe dakika 5, uweke kwenye kapu karibu saa moja. Haugandi, hauungui.

Siku za kwanza utakosea maji, mengi au machache. Usikate tamaa. Kapu halipotezi mvuke, kwa hiyo maji yanayotakiwa ni pungufu ya kawaida.

4. MAJI YA BOMBA

Kipimo kinacholengwa kambini ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku, yaani bidoni moja. Mara nyingine hazifiki. Lakini angalia bomba linalovuja. Tone moja kila sekunde linajaza zaidi ya lita 4 kwa siku. Siku tano, bidoni nzima imeingia ardhini na kuleta matope pale pale mnaposimama mstari. Ukiona bomba linavuja mwambie fundi au kamati ya maji siku hiyo hiyo, usiseme "mwingine atasema".

Nyumbani, maji yafanye kazi mara mbili. Yaliyoosha mboga yanamwagilia bustani. Ya kusuuzia nguo yanaosha sakafu au choo. Maji yenye sabuni kidogo yanaweza kwenda kwenye udongo wa bustani, siyo juu ya majani. Lakini yale ya nepi za mtoto na yenye dawa ya kuua vijidudu yasiende huko kabisa.

5. TAKA NA BUSTANI YA GUNIA

Takataka za jikoni zigawe mara mbili tu. Maganda, majani na majivu kidogo weka kwenye shimo la mbolea, funika na udongo mwembamba kila mara ili inzi wasije. Baada ya miezi michache inakuwa mbolea nyeusi. Vingine, kama makopo, betri na plastiki, peleka mahali palipowekwa na kambi. Betri zisichezewe na watoto wala zisitupwe kwenye shimo la mbolea.

Sasa, mbolea hiyo tutaipeleka wapi, na nafasi hatuna? Wanyarwanda wana akarima k'igikoni, kibustani cha jikoni, na pasipo na nafasi gunia moja linatosha. Simamisha gunia mlangoni. Katikati weka mawe madogo yaliyorundikwa kama nguzo, kutoka chini mpaka juu. Pembeni jaza udongo uliochanganywa na mbolea. Toboa matundu madogo kuzunguka gunia, panda miche, na juu pia panda. Maji mimina kwenye yale mawe, yatasambaa yenyewe. Lengalenga (dodo) unaanza kuchuma baada ya wiki kama nne. Ukichuma majani na kuacha shina, linachipua tena. Vitunguu, sukuma na karoti za juu ya gunia vinakubali pia.

"KWANI TUTAKAA HAPA MILELE?"

Swali hili tumelisikia mara nyingi, hata kwa wanafunzi wetu wakubwa. "Mwalimu, kwa nini nipande mti? Kesho naweza kurudi nyumbani au kupelekwa Marekani."

Ni swali la haki. Hatuna jibu la lini mtu ataondoka. Lakini kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996, na watoto waliozaliwa mwaka huo sasa ni baba na mama. Kama wazazi wao walipanda mparachichi siku ya kwanza, wajukuu wanakula. Kama hawakupanda, miaka imepita hivyo hivyo. Miaka haingoji karatasi zetu.

Tena, kuloweka maharagi na kuelekeza maji ya paa ni vitu vya kubeba bila mzigo. Ukifika Masisi utavihitaji, ukienda Kigali utavihitaji, hata Ulaya bili ya moto na maji inalipwa.

KAZI YA MWEZI HUU

Tusifanye yote kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Kila nyumba ichague moja tu: kapu, gunia, kifuniko, au mfereji wa nyuma ya nyumba.

Kwa watoto wa darasa la nne kwenda juu kuna kazi ya nyumbani. Mvua ikinyesha, simameni mlangoni mtazame maji yanayotoka kwenye paa lenu. Yanapita wapi, yanaishia kwa nani? Chora ramani ndogo kwenye daftari, na penye mchanga uliochimbwa weka alama ya X. Leteni shuleni. Tutaziunganisha ziwe ramani moja ya mstari mzima, tuwapelekee viongozi wa kijiji kabla ya umuganda unaofuata, ili siku hiyo majembe yajue pa kuanzia.

Na wewe mzazi, mtoto akikuuliza, "Mama, maji yetu yanaenda wapi?", usimfukuze. Toka naye mkaangalie.